Mwendo wa Boti na Uhai wa Nguva

Watafiti wa nguva katika jimbo la Florida, Marekani, huwatambua wanyama wao kwa makovu. Nguva akiibuka kuvuta pumzi, au akipumzika kwenye maji maangavu, hupigwa picha ya mgongo na mkia, na picha hiyo hulinganishwa na nyingine zilizokusanywa kwa miongo mingi. Huyu ana mistari mitano sambamba nyuma ya bega. Yule mkia wake umekatwa pembeni. Mwingine ana kovu jeupe lililotambaa ubavu mzima. Mtafiti Joseph Curtis Moore aliitumia njia hiyo kwa nguva wa Mto Miami mwishoni mwa miaka ya 1940. Leo ndiyo inayowaonyesha wanasayansi nguva fulani ameishi miaka mingapi, amezaa mara ngapi na amesafiri kutoka wapi hadi wapi.

Sehemu kubwa ya makovu hayo imetokana na boti. Kisiwani Mafia, papa potwe hutambuliwa kwa madoa aliyozaliwa nayo. Nguva wa Florida hutambuliwa kwa majeraha aliyopewa na binadamu. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2020, uliopitia mizoga iliyokusanywa kati ya 2007 na 2016, ulikuta kwamba asilimia 96 ya nguva waliokomaa walikuwa na makovu ya boti, na mmoja katika kila wanne alikuwa na dalili za kugongwa mara kumi au zaidi. Kovu ni jeraha lililopona. Maana yake ni kwamba wanyama hao waligongwa, wakauguza vidonda vyao majini kwa wiki na miezi, kisha wakagongwa tena.

Nguva hufa kwa mengi: baridi, njaa, sumu ya mwani, kubanwa na milango ya kuzuia mafuriko. Kati ya hayo yote, kugongwa na boti ndicho kifo chenye dawa iliyo karibu zaidi na mkono wa binadamu. Dawa hiyo haihitaji boti zipigwe marufuku wala wavuvi wakae nyumbani. Inahitaji mwendo upunguzwe mahali panapojulikana, kwa sheria inayosimamiwa kweli. Florida imekuwa ikiijaribu dawa hiyo kwa zaidi ya miaka 40, na kuna mengi ya kujifunza kutokana na ilipofaulu na ilipokwama.

Kwa nini nguva hugongwa

Nguva wa Florida ni jamaa wa nguva wa Bahari ya Hindi. Wa kwetu ana mkia wa panda kama wa pomboo, na maisha yake yote ni ya baharini. Wa Florida ana mkia mpana wa mviringo, naye huingia mitoni na kwenye chemchemi zisizo na chumvi. Wote wawili ni wanyama wanyonyeshao, hupumua kwa mapafu na hula majani. Nguva wa Florida aliyekomaa hufikia urefu wa mita tatu na uzito wa nusu tani, na kila siku hula majani yenye uzito wa kati ya asilimia 4 na 9 ya uzito wake. Kwa mnyama wa kilo 500 hiyo ni kati ya kilo 20 na 45 za majani kwa siku, na kazi ya kuyatafuna humchukua saa nyingi.

Majani hayo huota pale tu mwanga wa jua unapofika chini, yaani kwenye kina kifupi cha ghuba, rasi na kingo za mito. Huko ndiko watu wamejenga magati, nyumba za mapumziko na mifereji ya kupitishia boti zao. Juu ya hilo, nguva hana budi kuibuka kuvuta hewa, kwa kawaida kila baada ya dakika tatu hadi tano, ingawa akipumzika anaweza kukaa chini hata dakika 20. Chakula chake, hewa yake na njia zake viko ndani ya mita chache za juu, na mita hizo ndizo mkuku na rafadha hupita.

Mwili wake nao haukuumbwa kwa hatari ya namna hii. Kwa mamilioni ya miaka ukoo wake haukuwa na adui wa kuukimbiza kila siku, hivyo hakuhitaji wepesi. Huogelea kwa kilomita tano hadi nane kwa saa, na akishtuka anaweza kufikia 24, lakini kwa muda mfupi tu. Mifupa yake ni mizito na imejaa, mbavu hazina uwazi wa uboho. Uzito huo humsaidia kukaa chini ya maji bila kuhangaika. Lakini mfupa wa aina hiyo ukipigwa kwa nguvu huvunjika kama kigae. Mapafu yake marefu yamelala chini ya mgongo, upande uleule unaopigwa na boti. Ubavu uliovunjika hulichoma pafu, hewa ikavuja kifuani au usaha ukajaa, na mnyama akafa siku kadhaa baadaye, mbali na mahali alipogongwa.

Watu wengi hudhani rafadha ndiyo muuaji mkuu kwa sababu mikato yake huonekana. Uchunguzi wa mizoga umeonyesha kwa miaka mingi kwamba nguva wengi huuawa na kishindo cha boti yenyewe, bila hata kukatwa. Kwa hiyo kizuizi kinachofungwa kuizunguka rafadha, ingawa kina faida yake, hakiwezi kumaliza tatizo. Mnyama aliyepigwa na mkuku wa boti inayokwenda kasi anaweza kufa hata kama rafadha haikumgusa.

Uzazi wake hauwezi kufidia hasara hiyo kwa haraka. Mimba huchukua takriban mwaka mzima, huzaliwa mtoto mmoja, na jike huzaa kila baada ya miaka miwili hadi mitano. Mtoto huandamana na mama hata miaka miwili, akijifunza njia za kwenda kwenye malisho na kwenye maji ya uvuguvugu. Jike akigongwa na kufa, mara nyingi anakwenda na mtoto wake, na elimu ya njia hizo hupotea pamoja nao. Nguva anaweza kuishi zaidi ya miaka 60. Snooty, aliyetunzwa katika jumba la makumbusho la mji wa Bradenton, alifikisha miaka 69 mwaka 2017. Mnyama anayezaa polepole namna hiyo hustahimili kwa sababu waliokomaa huishi muda mrefu, na hao waliokomaa ndio boti inaowapunguza.

Hesabu ya mwendo

Boti inayokwenda kilomita 50 kwa saa hupita karibu mita 14 kila sekunde. Nguva akiibuka mita 30 mbele yake, nahodha na mnyama wana sekunde mbili tu za kuonana, kuamua na kukwepana. Boti hiyohiyo ikienda kilomita 10 kwa saa, sekunde hizo zinakuwa karibu 11. Ndani ya sekunde 11 mtu anaweza kugeuza usukani au kuzima injini, na nguva anaweza kuzama na kuondoka njiani.

Hata kukwepana kukishindikana, tofauti bado ni kubwa. Nguvu ya pigo hukua kwa mraba wa mwendo. Mwendo ukiongezeka mara tano, pigo linakuwa zito mara 25. Pigo la boti ya polepole linaweza kuacha michubuko, na lile la boti ya kasi huvunja mbavu. Hesabu hii haimtegemei mtu kuwapenda wanyama au kutowapenda. Ni hesabu ileile inayotufanya tuweke matuta ya barabarani mbele ya shule.

Florida ina boti zaidi ya milioni moja zilizosajiliwa, na wakazi wake wameongezeka kutoka chini ya milioni 7 mwaka 1970 hadi zaidi ya milioni 21 mwaka 2020. Wanaokuja kukaa huko huja kwa ajili ya maji. Katika miaka ya karibuni, nguva takriban 100 kwa mwaka wamekuwa wakithibitishwa kuuawa na boti, na mwaka 2019 walizidi 130. Hawa ni wale tu ambao mizoga yao iliokotwa na kupasuliwa ikiwa bado inaweza kueleza kilichowaua.

Sheria na alama zake

Florida ilipitisha sheria ya kumlinda nguva mapema, mwaka 1893, wakati hatari kubwa ilikuwa mwindaji. Mwaka 1967 serikali ya Marekani ilimweka katika orodha yake ya kwanza ya wanyama walio hatarini kutoweka. Baadaye zikaja sheria ya taifa ya kulinda wanyama wanyonyeshao wa baharini ya mwaka 1972 na sheria ya viumbe walio hatarini ya mwaka 1973. Mwaka 1978 jimbo lilipitisha sheria iliyoitangaza Florida yote kuwa hifadhi ya nguva na kuwapa maofisa uwezo wa kuweka mipaka ya mwendo majini. Mwaka 1981 Bob Graham, gavana wa jimbo wakati huo, na mwanamuziki Jimmy Buffett walianzisha shirika la Save the Manatee Club. Mwaka 1989 gavana na baraza lake waliziagiza kaunti 13 zenye nguva wengi ziandae mipango ya kuwalinda.

Matokeo yake ni mtandao wa maeneo yenye alama na maboya. Kuna mahali boti hairuhusiwi kabisa katika miezi ya baridi. Kuna mahali injini inaruhusiwa kwa mwendo wa chini kabisa, ule wa kuiwezesha boti kugeuka tu, bila kuacha wimbi. Kuna mahali boti inatakiwa iketi majini sawasawa, pua ikiwa imeshuka. Na kuna njia za kina kirefu ambako inaruhusiwa kwenda kasi kiasi. Mpango huo umejengwa juu ya jambo moja kubwa kuhusu nguva: anatabirika. Hawezi kuvumilia maji yaliyo chini ya nyuzi 20 za Selsiasi kwa muda mrefu, hivyo kila kipupwe hukimbilia chemchemi ambazo maji yake hukaa karibu nyuzi 22 mwaka mzima, au mikondo ya maji moto yanayotoka kwenye mitambo ya umeme. Anayejua mahali hapo na msimu huo anajua mahali pa kuweka boya na siku ya kumpeleka askari.

Mfano bora ni Blue Spring, chemchemi inayomwaga maji yake katika Mto St. Johns. Mwaka 1970, walipoanza kuhesabiwa, nguva waliokuja hapo kujikinga na baridi walikuwa 11. Chemchemi ikawa hifadhi ya jimbo, na boti zikazuiwa wakati wa kipupwe. Januari 2024, kwa siku moja, walihesabiwa nguva zaidi ya 900 katika mkondo huohuo. Ongezeko hilo halikutokana na uzazi peke yake, kwa kuwa wanyama huja pia kutoka sehemu nyingine. Lakini wanakuja kwa sababu wamepakuta salama, na wanarudi na watoto wao.

Mwaka 2006 ulichapishwa uchambuzi wa vifo vya nguva katika njia mbili za maji za Kaunti ya Brevard, kabla na baada ya masharti ya mwendo kukazwa. Vifo vilipungua. Hitimisho la waandishi wake lilikuwa la tahadhari lakini wazi: masharti husaidia pale yanapopangwa vizuri, yanapowekewa alama na yanaposimamiwa. Maneno hayo ya mwisho ndiyo magumu. Anayepita mahali penye ubao wa onyo bila askari huvunja sheria kwa urahisi zaidi kuliko anayejua kwamba doria ipo. Bahari ni pana, askari ni wachache, na boti ni milioni. Ramani inayobadilika kila baada ya kilomita mbili, huku polepole, kule kasi, pale kasi kwa msimu tu, humpa mvunjaji kisingizio na humchosha hata mwenye nia njema. Sharti moja linaloeleweka, kwa eneo zima, hufuatwa zaidi.

Hoja za wanaopinga

Wanaopinga mipaka ya mwendo si watu wabaya, na baadhi ya hoja zao ni za kisayansi. Edmund Gerstein wa Chuo Kikuu cha Florida Atlantic, aliyepima usikivu wa nguva katika miaka ya 1990, alikuta kwamba mnyama huyu husikia vizuri sauti za juu na vibaya sauti nzito. Boti ikipunguza mwendo sauti yake huwa nzito na ndogo, na karibu na uso wa maji sauti nzito hufifia zaidi. Akauliza: je, kwa kupunguza mwendo hatumnyimi nguva onyo? Yeye alipendekeza boti zifungiwe kifaa cha kutoa sauti ambayo nguva anaisikia.

Swali hilo lilistahili kujibiwa kwa utafiti, na limejibiwa. Watafiti waliowafungia nguva vifaa vya kurekodi sauti na mienendo majini, wakachapisha matokeo mwaka 2018, walikuta kwamba nguva hubadili mwelekeo, kina na mwendo boti inapokaribia, na kwamba boti ya polepole humwachia muda mrefu zaidi wa kufanya hivyo. Anayejua hatari inakuja bado anahitaji sekunde za kuondoka. Kifaa cha sauti, hata kingefanya kazi vizuri, kingemwachia mnyama jukumu lote la kujiokoa, na katika mfereji wenye boti 50 siku ya mapumziko angekuwa anaonywa kutoka pande zote. Mipaka ya mwendo inaliweka jukumu hilo kwa mwenye injini.

Hoja ya pili ni ya idadi. Hesabu ya kwanza ya jimbo zima kutoka angani, Januari 1991, ilipata nguva 1,267. Makadirio ya mwaka 2021 na 2022, yaliyofanywa kwa mbinu bora zaidi, yaliwaweka kati ya 8,350 na 11,730. Takwimu hizo mbili hazilinganishwi moja kwa moja, kwa kuwa ile ya kwanza ilihesabu walioonekana tu. Hata hivyo ongezeko la miaka hiyo ni la kweli. Mwaka 2012 taasisi ya kisheria ya Pacific Legal Foundation, kwa niaba ya kikundi cha wakazi cha Save Crystal River, iliiomba serikali impunguzie nguva daraja la ulinzi. Mwaka 2017 serikali ilikubali, na nguva akatolewa katika kundi la walio hatarini kutoweka na kuwekwa katika kundi la walio katika tishio.

Kuongezeka huko kulitumiwa kudai kwamba masharti yamepitwa na wakati. Mimi naona kinyume chake: nguva wameongezeka kwa sababu ya masharti, na ukiyaondoa unaondoa kilichowaongeza. Mgonjwa aliyepata nafuu kwa dawa hapaswi kuitupa dawa kabla ya kupona.

Hoja ya tatu ni ya uhuru na kipato. Mwenye boti hulipa kodi, hununua mafuta, hula katika mikahawa ya gatini. Kwa nini aambiwe aende polepole kwa ajili ya mnyama? Hapa panahitaji uwazi. Mipaka ya mwendo humgharimu mtu dakika. Haimzuii kuvua, kutembea wala kusafirisha abiria. Kwa upande mwingine, mji wa Crystal River umejenga sehemu ya uchumi wake juu ya wageni wanaokuja kuwatazama nguva. Anayepoteza dakika 15 njiani hajanyimwa riziki. Aliye majini kuogelea, mtoto kwenye mtumbwi, mvuvi mwenye ngalawa ndogo, wote hunufaika na boti iliyopunguza mwendo. Mwenda pole hajikwai, na hapa hata wenzake majini wanasalimika.

Polepole peke yake haitoshi

Kisha ukaja mwaka 2021, ukaonyesha mpaka wa dawa hii. Katika mwaka huo mmoja walikufa nguva zaidi ya 1,000 katika Florida, idadi ambayo haijawahi kurekodiwa, na sehemu kubwa ya vifo ilikuwa kwenye pwani ya Atlantiki, katika rasi ya Indian River. Wengi wao hawakugongwa. Walikufa kwa njaa. Kwa miaka mingi mbolea za bustani, maji ya mvua kutoka mijini na mashimo ya maji taka yalikuwa yakipeleka naitrojeni na fosforasi katika rasi hiyo. Mwani mdogo ukastawi, ukayatia maji ukungu, jua likashindwa kufika chini, na nyasi bahari zikafa. Kuanzia mfumuko mkubwa wa mwani wa mwaka 2011, rasi ilipoteza zaidi ya nusu ya malisho yake. Nguva waliokimbilia maji moto ya mtambo wa umeme wa Cape Canaveral walikuta hakuna cha kula. Wengi wakachagua joto kuliko chakula, wakakonda hadi kufa. Katika kipupwe kilichofuata serikali ilifanya jambo lisilowahi kufanywa: iliwalisha nguva wa porini kwa letasi, zaidi ya tani 90.

Ilikuwa miaka minne tu tangu daraja la ulinzi lipunguzwe. Tukio hilo limefundisha kwamba idadi nzuri kwenye karatasi inaweza kusimama juu ya malisho yanayokufa. Limefundisha pia kitu kuhusu boti. Mnyama aliyedhoofika kwa njaa huhama kutafuta chakula, huvuka njia asizozizoea, na hana nguvu ya kuondoka mbele ya boti. Pale ambapo sababu nyingine za kifo ni ngumu na zinahitaji miaka ya kusafisha maji na kupanda upya nyasi, ile iliyo rahisi kuzuiwa ndiyo inayopaswa kuzuiwa kwanza na kwa ukamilifu. Kila jike asiyegongwa mwaka huu ni hazina ya kuvuka mwaka wa njaa unaokuja.

Kuna mtihani mwingine uko mbele. Zaidi ya nusu ya nguva wa Florida hutegemea maji moto ya mitambo ya umeme wakati wa baridi. Mitambo hiyo ina umri, na siku moja itafungwa. Siku hiyo nguva watalazimika kurudi kwenye chemchemi za asili, nyingi zikiwa zimepungua maji kwa sababu ya visima vya miji na mashamba, na watapita mito na mifereji ambako leo hawapiti kwa wingi. Maeneo ya polepole ya kesho yanapaswa kuchorwa sasa, kabla wanyama hawajafika na kabla magati mapya hayajajengwa.

Pwani yetu bado ina nafasi

Msomaji wa Mombasa, Kilwa au Unguja ana haki ya kuuliza haya yanamhusu vipi. Yanamhusu kwa sababu nguva wa kwetu yuko katika hali mbaya kuliko wa Florida. Desemba 2022, Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Asili, IUCN, liliwaweka nguva wa Afrika Mashariki katika kundi la walio hatarini sana kutoweka, likikadiria kuwa waliokomaa waliobaki ni chini ya 250. Kundi pekee lenye matumaini ya kuendelea liko katika visiwa vya Bazaruto, Msumbiji, ambako hifadhi ya taifa ipo tangu mwaka 1971. Tanzania, waliobaki huonekana mara chache katika maji ya Rufiji, Mafia na Kilwa. Kenya, tumaini liko kaskazini, katika visiwa vya Lamu na hifadhi ya bahari ya Kiunga.

Kwetu muuaji wa kwanza ni jarife. Nguva akinaswa chini ya maji hawezi kuibuka kupumua, naye hufa ndani ya dakika chache, hata kama mvuvi hakumkusudia. Kwa hiyo nisingependa mtu aichukue Florida na kuibandika pwani yetu kama ilivyo. Kipaumbele chetu ni kuondoa jarife juu ya malisho ya nyasi bahari, kwa makubaliano na wavuvi na kwa kuwapa zana mbadala, kwa sababu mtu mwenye njaa hatafuata ramani iliyochorwa bila yeye.

Lakini boti nazo zinakuja. Mahali palipokuwa pa mashua za tanga na ngalawa sasa panapita boti za faiba zenye injini kubwa, boti za watalii na za abiria. Gati la kwanza la bandari ya Lamu lilianza kazi mwaka 2021, katika maji yaleyale yenye nyasi bahari. Kizimkazi, Unguja, kwa miaka mingi watafiti wameandika jinsi boti za watalii zinavyowabughudhi pomboo kwa kuwafuata na kuwazingira. Nchi nyingine yenye nguva wa jamii yetu imeshachukua hatua: Australia ina maeneo ya mwendo wa polepole katika ghuba ya Moreton, jimbo la Queensland, kwa ajili ya nguva na kasa wanaolisha kwenye nyasi bahari za kina kifupi.

Florida ilianza kuchora mipaka ya mwendo baada ya boti kujaa, na ndiyo maana boya jipya huko linaweza kuwa kesi mahakamani. Sisi bado tunaweza kuanza kabla. Sheria za Kenya, Tanzania na Msumbiji tayari zinamlinda nguva. Kinachokosekana ni alama majini. Vikundi vya wavuvi vya usimamizi wa fukwe, BMU, vinajua malisho yalipo kuliko ofisi yoyote. Viombwe viyachore. Juu ya malisho hayo liwekwe sharti moja la mwendo linaloeleweka na kila nahodha, na njia ya kina kirefu iwekewe maboya ili mwenye haraka apite huko. Leseni ya boti ya utalii itolewe kwa nahodha aliyefundishwa sharti hilo. Doria, hata kama ni ndogo, iwekwe katika msimu na mahali panapojulikana, na sehemu ya ada za hifadhi iende kwa vijiji vinavyoifanya.

Nawe unayeshika usukani wa boti, au unayekaa ndani yake kama abiria, huhitaji kusubiri sheria. Ukiona maji yamekuwa ya kina kifupi na nyasi zinaonekana chini, punguza mwendo. Simamisha mtu mbele atazame. Ukimwona nguva, zima injini, mwache apite, kisha toa taarifa kwa ofisi ya hifadhi au ya uvuvi iliyo karibu. Nguva waliokomaa wasiofika 250 ni wachache mno kwa pwani inayoanzia Somalia hadi Msumbiji, na kila mmoja wao anastahili sekunde 11 za subira yetu.